Mita Moja na Nusu Chini ya Lussery

Anselme Duchosal hakuwa mtu wa kuamini jambo lisilo na waya. Kwa miaka thelathini na mmoja aliunga kebo za simu katika vijiji vinavyoizunguka Geneva, kwanza zile za shaba, nene kama mkono wa mtoto, na baadaye nyuzi za kioo zilizo nyembamba kuliko unywele. Ukimwuliza habari inafikaje kutoka kwa mchinja nyama hadi kwa mkwewe wa ng'ambo ya mto, hakukujibu kwa maneno. Alikuonyesha kwa kidole: inapita chini ya barabara hii, inakata shamba la mizabibu la Favrod, inaingia shimo la ishirini na mbili, inatokea kanisani. Alijivuna kuzijua njia hizo, na alikuwa na haki ya kujivuna, kwa sababu katika miaka yote hiyo hakuna kiungo chake kilichofunguliwa na fundi mwingine kikakutwa kibovu.

Mafundi wa kazi hiyo wana mwiko wao. Humalizi kiungo bila kuacha akiba. Uzi ukiungwa ukiwa umekaza, siku ukikatika hapatakuwa na pa kushika, na fundi atakayekuja baada yako atakutukana hadi mababu zako. Kwa hiyo ukiunga unaongeza kipande, unakizungusha ndani ya kisanduku cha kiungo mara mbili tatu, unafunga mfuniko na kurudi juu. Akiba haiozi. Wala haiandikwi popote, kama ambavyo hakuna mtu anayeandika kwamba leo amefunga vifungo vya shati.

Juni ya mwaka 1999, zikiwa zimebaki wiki tatu astaafu, kampuni ya simu ilikiazima chuo kikuu cha Geneva nyuzi mbili za kioo kwa siku kumi. Uzi mmoja ulitoka kwenye ghala la chini la chuo mjini hadi ofisi ndogo ya simu ya Lussery. Wa pili ulitoka ghala hilohilo hadi Champrel, upande wa pili wa mji. Kati ya vijiji hivyo viwili, kunguru akiruka moja kwa moja, ni kilomita kumi. Siku kumi zikiisha, Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, nyuzi zilikuwa ziende kwa wateja waliokwisha kuzilipia, na chuo kisingezipata tena. Anselme alipewa kazi ya kuzihudumia, akaambiwa amsikilize Daktari Ottavia Rusconi, mtafiti wa chuo.

Ottavia alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mbili kutoka Ticino, kusini ya milima. Alikula akiwa amesimama na aliandika namba kwenye kiganja. Siku ya kwanza Anselme alimtazama jinsi anavyoshika uzi, akaona anaushika vizuri, akaamua kwamba anaweza kuzungumza naye. Akamwuliza wanapitisha nini humo, maana simu hakuiona.

Ottavia akamweleza. Mjini kuna jiwe dogo angavu. Ukilipiga kwa mwanga wa aina fulani, linazaa chembe mbili za mwanga kwa pamoja, pacha. Mmoja anakwenda Lussery, mwingine Champrel. Kila mmoja akifika anakuta njia panda, na lazima achague kulia au kushoto. Ajabu ni kwamba pacha hao wanapatana katika kuchagua. Mtu anaweza kusema walikubaliana tangu walipozaliwa, lakini mapatano ya namna hiyo yana kikomo kinachojulikana kwa hesabu, na pacha hawa wanakivuka kikomo hicho kila siku, katika kila maabara iliyowapima vizuri.

"Basi wanaambiana," Anselme akasema. "Jambo dogo hilo."

"Wanaambiana kupitia wapi, Bwana Duchosal?"

"Hiyo ndiyo kazi yako, Dokta. Mimi nikikuta nyumba mbili zinaongea, natafuta waya. Sikai chini nikashangaa."

Ottavia alicheka, kisha akasema kwamba ndicho hasa alichokuja kukipima. Kama kuna mnong'ono unaotoka kwa pacha mmoja kwenda kwa mwenzake, una kasi gani? Ili kujua hilo, pacha wote wawili wanapaswa kufika kwenye njia panda kwa wakati mmoja kabisa, ili mnong'ono ukose nafasi ya kusafiri. Kadiri nyuzi mbili zinavyolingana urefu, ndivyo nafasi inavyobanwa. Yeye alikuwa amekaa siku tatu na vyombo vyake akizipima nyuzi na kuzilinganisha, hadi tofauti yao ikawa chini ya shubiri moja. Kama mapatano yangeendelea hata hapo, mnong'ono huo, ukiwapo, ungepaswa kwenda kasi mara elfu kumi kuliko mwanga, au zaidi.

Anselme hakukubali. Alisema nafasi ikibanwa sawasawa, mapatano yatavunjika, na hapo Dokta atajua kwamba upo waya, ila hajauona tu. Wakawekeana dau la chupa moja ya mvinyo mweupe wa shamba la Favrod.

Hayo yote Anselme aliyasikia kama mtu asikiavyo habari za jirani. Ile shubiri aliisikia pia, lakini ilipita sikioni haikukaa. Ndivyo tulivyo, mtu husikia kwa ukubwa wa kazi yake, na katika kazi ya Anselme hakuna aliyewahi kujali kama kebo ya kilomita kumi imezidi shubiri.

Jumanne, kijiko cha mtambo wa kuchimbia wa watu wa mabomba ya maji kilivuta kebo karibu na shimo la ishirini na mbili. Uzi wa chuo ulipasuka, na waya wa umeme uliokuwa kando yake ukakatika, ofisi ya Lussery ikazimika. Anselme aliingia shimoni, akakata sehemu iliyopasuka, akaweka kipande kipya, akaunga pande zote mbili, na kwa dakika arobaini kazi ikaisha. Akampigia Ottavia simu kwamba njia imepona. Ottavia akajaribu, akakuta mwanga unaofika ni mwingi kuliko wa mwanzo, akamshukuru. Saa zake za Lussery, zile zinazopima wakati wa pacha kufika, zilikuwa zimezimika na umeme, kwa hiyo aliziwasha na kuzirekebisha upya mpaka pacha wakaonekana tena kwa pamoja. Kuanzia hapo aliandika matokeo usiku na mchana, Jumanne hadi Jumamosi, na mapatano hayakuvunjika hata kidogo.

Jumamosi alimwalika Anselme chakula cha mchana kwenye mkahawa wa Lussery. Waliletewa vipande vya samaki wa ziwani na viazi, na ile chupa ya mvinyo ikawa mezani tayari, haijafunguliwa, kwa sababu Ottavia alikuwa na hakika ameshinda. Katika furaha yake akarudia hesabu: mara elfu kumi ya mwanga, kwa sababu nyuzi zinalingana ndani ya shubiri.

Safari hii neno shubiri lilimkaa sikioni. Anselme aliweka uma chini. Alikiona kile kipande kipya vidoleni mwake, alivyokizungusha ndani ya kisanduku mara mbili na kidogo, kama alivyofanya maisha yake yote. Ottavia alidhani amekwamwa na mwiba wa samaki, akamsukumia maji.

Tuseme kweli, alifikiria kunyamaza. Alikuwa na wiki mbili tu. Hakuna mtu angefungua kisanduku kile kwa miaka kumi, na akikifungua angekuta akiba nzuri ya fundi mzuri. Aliona aibu pia, aibu kali ya mtu anayejua kazi yake. Lakini alimtazama msichana yule anakula akiwa ameketi kwa mara ya kwanza tangu amjue, na akajichukia kwa ile dakika moja aliyoikalia kimya.

"Dokta," akasema, "uzi wa Lussery si ule ulioupima. Jumanne niliongeza kipande."

"Kipande cha urefu gani?"

"Mita moja na nusu hivi. Sijui hasa. Sikupima."

Ottavia hakupandisha sauti. Alichukua kalamu akaandika kwenye kitambaa cha karatasi cha meza, akapiga mstari, akatazama. Mita moja na nusu ilikuwa inampa mnong'ono nafasi zaidi ya mara saba ya ile aliyokuwa amekusudia. Hesabu iliyokuwa zaidi ya elfu thelathini, ambayo yeye kwa tahadhari aliiita elfu kumi, ilishuka ikawa elfu nne na kidogo. Na hiyo elfu nne nayo hakuweza kuiandika, kwa sababu haikuwa imepimwa. Ilikuwa ni kumbukumbu ya mzee mmoja kuhusu vidole vyake.

"Niliona saa zimehama," akasema polepole. "Nikasema ni kwa sababu ya kuziwasha upya. Ningepaswa kupima tena. Mwanga ulikuwa mzuri, nikajiridhisha."

"Wewe ulidanganywa na kazi nzuri," Anselme akamwambia. "Kesho tunafungua shimo."

Kupima upya kwa vyombo kulitaka siku tatu, nao walikuwa na siku moja na nusu. Njia iliyobaki ilikuwa kukifungua kisanduku, kukipima kipande kwa rula, na kukata kipande cha urefu huohuo ili kiungwe upande wa Champrel, nyuzi zilingane tena. Lakini shimo la kampuni halifunguliwi bila ruhusa, na msimamizi wa Anselme, Bwana Jaquier, alikuwa nyumbani kwake akikata majani ya uani.

Jaquier alimsikiliza akiwa ameshika mashine yake. Alisema ndani ya kebo ile kuna nyuzi za watu wengine, zikiwamo za hospitali, na mkono ukitetemeka itakuwa kesi. Alisema ripoti ya Jumanne imekwisha kupelekwa na inasema njia imerudi kama ilivyokuwa. Kisha akalegeza sauti.

"Anselme, una wiki mbili. Tumeshaagiza keki. Unataka nini na mita moja na nusu?"

"Ripoti ina uongo, na sahihi ni yangu."

"Ni akiba, bwana. Sote tunaacha akiba."

"Na sote hatuandiki. Nipe ruhusa, au nifungue bila ruhusa uje unifukuze Jumatatu. Keki mtakula wenyewe."

Jaquier alimjua. Alitoa ruhusa, lakini kwa masharti: kesho ni Jumapili, kwa hiyo hakuna injini, hakuna pampu, hakuna kelele yoyote, maana Lussery mtu akipiga nyundo Jumapili polisi wanapigiwa simu kabla msumari haujazama. Na wakigusa uzi wa mtu mwingine, yeye Jaquier hakuwahi kuwaona.

Ijumaa usiku mvua ilikuwa imenyesha. Jumapili saa moja asubuhi walipoinua mfuniko wa shimo la ishirini na mbili, maji yalifika kifuani. Kwa pampu ingekuwa kazi ya robo saa. Wakaanza kwa ndoo. Anselme aliteka chini, Ottavia akapokea juu na kumwaga mtaroni, polepole ili ndoo isigonge chuma. Bibi Favrod, jirani wa barabara ile, alitoka na joho lake la chumbani akasimama nyuma ya ukuta wa uzio kuwatazama. Aliuliza kama hawajui leo ni siku gani. Anselme akamjibu kutoka shimoni kwamba wanajua, ndiyo maana wanateka kama enzi za babu yake. Bibi Favrod akatafuta kosa kwa nusu saa, hakulipata, akaingia ndani. Baadaye aliwaletea kahawa, akakaa kuhakikisha hawanywi kwa kelele.

Waliteka saa mbili na nusu. Mgongo wa Anselme ulikuwa unawaka na mikono ya Ottavia imetoka malengelenge, na hakuna aliyesema tupumzike. Maji yalipofika magotini, Anselme alikausha mikono yake kwa taulo tatu, moja baada ya nyingine, akafungua kisanduku. Nyuzi kumi na mbili zilikuwa humo, kila moja na rangi yake, na ya hospitali ikiwa imelalia juu ya ile aliyoitaka. Aliinyanyua kwa kidole kimoja. Alikuwa amefanya hivyo mara elfu, lakini hakuwahi kuogopa kama siku ile.

Kipande kipya kilikuwa mita moja na sentimita sabini na moja, kutoka kiungo hadi kiungo. Kile alichokikata Jumanne kilikuwamo bado katika chupa ya taka garini mwake, kwa sababu vigae vya kioo havitupwi ovyo. Walivipanga juu ya karatasi nyeusi, vikafika sentimita kumi na tisa. Tofauti ilikuwa mita moja na sentimita hamsini na mbili. Ottavia aliiandika kiganjani, kisha akakumbuka, akaiandika daftarini.

Saa saba mchana walikuwa Champrel. Anselme alikata kipande, akakipima mara nne, akakiunga. Saa nane pacha walianza kufika. Ottavia akasema atakaa hadi muda wa mwisho na kwamba Anselme aende akalale. Matokeo ya siku tano aliyafuta palepale mbele yake, yote, wala hakufanya sherehe.

Jumatatu saa kumi na moja na nusu asubuhi, kukiwa kumeshapambazuka, Anselme aliingia ofisi ya Champrel kuja kuitwaa njia. Ottavia alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea kabati la vyombo, macho mekundu. Akamwelekeza kwa kidevu kwenye kioo cha kompyuta. Saa kumi na tano za kupima zilikuwa zimempa alichokihitaji kwa shida, bila ziada. Mapatano yalikuwa palepale. Mnong'ono, kama upo, ulipaswa kwenda kasi zaidi ya mara elfu kumi kuliko mwanga.

Anselme aliinamia kioo akasoma namba. Alitaka kuuliza kama nyuzi zililingana kweli, lakini yeye ndiye aliyezilinganisha.

"Na wewe unaonaje?" akauliza. "Mnong'ono unaenda kasi hiyo?"

"Sidhani kama kuna kinachokwenda, Bwana Duchosal. Nadhani katikati hakuna kitu."

"Miaka thelathini na mmoja nimefanya kazi hapo katikati," Anselme akasema.

Hakuwa anatania. Ilimwuma, na hakuficha kwamba imemwuma. Kisha saa kumi na mbili ikafika, akachomoa uzi wa chuo na kuchomeka wa mteja, akaandika saa na dakika, wakatoka nje. Chupa ya mvinyo alimpelekea Ottavia wiki hiyohiyo, deni la dau ni deni.

Keki aliila, hotuba akazisikiliza. Mwezi Oktoba Ottavia alikuja nyumbani kwa Anselme, Lussery, na nakala ya ripoti yake kabla haijapelekwa kuchapishwa, ili Anselme aione. Clotilde, mkewe, akaweka supu mezani, na Anselme akavaa miwani. Alisoma kurasa zote, na asipoelewa aliuliza. Mwishoni kabisa alikuta mstari mmoja mzuri: wanamshukuru Bwana A. Duchosal kwa msaada wake usiochoka. Clotilde akapiga makofi mara moja, akiona jina la ukoo limepigwa chapa.

Anselme alirudi nyuma hadi ukurasa wa nne. Hapo palikuwa pameandikwa kwamba matokeo ya siku tano za mwanzo hayakutumiwa, kwa kuwa urefu wa uzi mmoja ulikuwa umebadilika.

"Ulibadilika wenyewe?" akauliza.

Ottavia akasema ndivyo inavyoandikwa, hakuna haja ya kumtia mtu aibuni.

"Dokta, humu mmeandika kila kitu kilichougusa huo mwanga. Mmeandika jiwe, mmeandika saa na kiwanda kilikotoka. Mimi niliugusa, nikauharibu, kisha mkaniweka mwisho na maua. Nitoe pale. Niweke hapa penye kosa."

"Watu watasoma hivyo miaka mingi, Bwana Duchosal."

"Ndiyo maana. Kuna kijana mahali fulani, naye anaacha akiba wala haandiki. Na kuna Dokta wake, naye anaridhika mwanga ukiwa mzuri. Weka jina, weka na mita."

Clotilde alimwambia mumewe ana kichwa kigumu kama nguzo ya simu. Ottavia akasukuma supu yake pembeni, akaomba kalamu. Alifuta shukrani. Akageuza hadi ukurasa wa nne na kuandika kati ya mistari, akisoma kwa sauti ili wote wasikie: mita moja na sentimita hamsini na mbili ziliongezwa na A. Duchosal, fundi wa kebo, wakati wa matengenezo. Kisha akaongeza bila kumtazama: mwandishi wa ripoti hii hakupima tena.

"Hilo sikukuomba," Anselme akasema.

"Najua," Ottavia akasema, akatia sahihi pembeni, kisha akampa Anselme kalamu atie yake chini.